Akiba ya Mshono

Karanga za mia tano, pembe moja ya karatasi.
Nimekaa kwenye kibaraza, barabara ya kumi na mbili, Ngamiani,
jua la saa tisa limenishika utosi.
Pembe ikabaki tupu, nami,
kwa tabia yangu mbaya ya kusoma kila kilichoandikwa,
nikaikunjua.

*Karani Disuza, ofisi ya mkonge. Kifua 42. Tumbo 46.
Suti, trelini ya kijivu. Kalipa nusu.*

Mwandiko naujua. Herufi zimelalia kushoto
kama mtu anayekanyaga cherehani kwa mguu mmoja.
Fundi Semboja! Dukani kwake leo
wanauza vocha na vioo vya simu.

"Mbaruku, karatasi hizi umezipata wapi?"
"Madaftari ya marehemu, mama. Mwanawe kaniuzia kwa kilo."

Kwa kilo. Tanga nzima, kwa kilo:
mabega ya mabwana harusi, nyonga za mawifi,
shingo za watu ambao makaburi yao sasa yameota majani.
Nikanunua pembe ya pili.

*Mwalimu Mhina. Kaunda suti, mifuko minne.
Wa tano kwa ndani, mkewe asiujue.*

Ya tatu.
*Alfani, barabara ya nane. Bugaluu, mguu inchi kumi na tatu.*
Na pembeni, wino mwingine:
*Wamemchania sokoni. Shona upya. Usimtoze.*

Ya nne ni ya mwaka wa foleni:
gauni la ubatizo kwa gunia la unga wa msaada,
*maandishi yageukie ndani.*
Ya tano imelowa mafuta. Ya sita nusu yake haipo:
*...mjane. Atalipa akipata.*

Kisha yakaja marobota ya Tangamano,
kafa ulaya, shati bei ya chai na andazi,
na kurasa zikakonda.
*Punguza kiuno. Punguza mguu. Punguza.*
Mtu aliyezoea kuanza na kitambaa kitupu
sasa anaanza na marehemu asiyemjua jina.
"Nguo ya kuazima haisitiri," alikuwa akisema,
"hii hata wa kumrudishia hayupo."

Nimeshiba. Karanga nampa mbuzi wa jirani
aliyekuja kusimama kama shahidi.
Pembe ya kumi na moja.

*Mwajabu binti Kibwana. Sare ya chuo,
sketi ya buluu, blauzi poplini.
Januari: kiuno 26.
Mei: kiuno 28 na nusu.
Agosti: kiuno 31.*

Chini, kwa penseli nyekundu:
*Acha akiba inchi mbili kila upande.
Mtihani Septemba. Usiseme.*

Usiseme. Akimwambia nani?
Duka lilikuwa la mtu mmoja na cherehani.

Mimi ni wa Desemba mwaka ule.
Mkunga hajanishika, futikamba imenizunguka.
Bibi hakujua. Mkuu wa chuo hakujua.
Baba, tumwache.
Wa kwanza kunijua duniani, baada ya mama,
ni mwanamume mwenye pini mdomoni,
aliyenyamaza kwa ajili ya pini
au kwa ajili ya adabu, sijui,
akafumua, akaachia inchi, akapiga pasi
hata alama ya mshono wa kwanza isionekane.

Mama alifaulu. Alifundisha miaka thelathini na mmoja,
vumbi la chaki kwenye pindo.

Madaftari yaliyobaki nimeyanunua, kwa kilo,
na Mbaruku amenicheka.

Mama hakuniambia kamwe. Ila kila niliporudi na nguo mpya
aliigeuza nje-ndani, kabla hajatazama rangi,
akapapasa mshono kwa kidole gumba:
"Fundi wako mchoyo. Hakukuachia kitu."

Nami nikidhani anazungumzia kitambaa.